Mji wa kale uliojengwa juzi: namna ya kuusoma Arras

Mwaka 2015 kipindi kimoja cha televisheni ya Ufaransa kiliwaomba watazamaji wachague jengo la kihistoria wanalolipenda kuliko yote. Ushindi ulikwenda Arras, mji wa watu wapatao 42,000 kaskazini mwa nchi, kwa mnara wake wa kengele wenye urefu wa mita 75 na simba wa dhahabu kileleni. Wenyeji wakashangilia, magazeti yakaandika, na wageni wakazidi kumiminika kuupiga picha mnara ulioanza kujengwa 1463 na kukamilika 1554.

Ila mnara huo wa 1554 ulianguka tarehe 21 Oktoba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Huu unaopigwa picha leo ulikamilika 1932, na chini ya ngozi yake ya mawe kuna zege na nondo.

Mgeni akilijua hilo huanza kuuliza. Je, huu ni mnara wa kale au nakala? Kama ni nakala, UNESCO waliuingizaje kwenye orodha ya Urithi wa Dunia? Na zile nyumba za matofali zinazouzunguka, nazo ni za juzi? Vitabu vingi vya watalii huandika "karne ya 15" na kuishia hapo, kisha msomaji hujikuta na mji ambao tarehe zake zinagongana. Ukweli ni kwamba Arras hauna umri mmoja. Sura yake ni ya karne ya 17 na 18, mifupa yake mingi ni ya miaka ya 1920, na kilicho kikongwe kweli kipo chini ya ardhi, mahali ambapo wageni wengi hawafiki.

Tuanze na sura.

Mji wa Ufaransa, nyumba za Ubelgiji

Katikati ya Arras kuna viwanja viwili vinavyokaribiana, Grand'Place na Place des Héros. Vimezungukwa na nyumba 155 zilizoshikana bega kwa bega. Kila nyumba ina ukuta wa mbele wa matofali na mawe, na juu kabisa ukuta huo haumaliziki kwa mstari ulionyooka, bali hujipinda kulia na kushoto kama mawimbi mpaka kukutana kileleni. Chini kuna baraza ndefu yenye matao na nguzo za mawe magumu inayokatiza mbele ya nyumba zote, hivyo mtu anaweza kuzunguka uwanja wakati wa mvua bila kulowa. Aliyewahi kufika Bruges au Brussels, miji ya Ubelgiji, atadhani amerudi huko.

Sababu ni kwamba kwa karne nyingi Arras haukuwa wa mfalme wa Ufaransa kwa namna ya kueleweka. Ulikuwa mji wa mpakani, wenye utajiri wa nguo na mazulia ya ukutani yaliyotafutwa na majumba ya kifalme kote Ulaya, na mji tajiri wa mpakani hauishiwi na wachumba. Watawala wa Burgundy, dola jirani iliyoshindana na wafalme wa Ufaransa, waliushika. Mwaka 1477 Louis XI wa Ufaransa akauteka, na wenyeji walipoendelea kumkaidi, mwaka 1479 aliwafukuza wote, akaleta watu kutoka miji mingine na kuubadilisha mji jina ukaitwa Franchise. Mpango huo haukudumu. Mfalme alifariki 1483, wenyeji wakarudi na jina la zamani likarudi nao. Muda si mrefu mji ukaangukia kwa ukoo wa kifalme wa Habsburg, na kupitia ukoo huo ukawa chini ya taji la Hispania. Majeshi ya Louis XIII yaliuzingira na kuutwaa 1640, na Hispania ikakubali kimaandishi kuuachia katika Mkataba wa Pyrenees wa 1659.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona nyumba zenye sura ya Flanders, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji, hudhani zilijengwa wakati wa Wahispania. Nyingi zilijengwa baadaye, bendera ya Ufaransa ikiwa tayari inapepea. Mafundi walikuwa walewale, tanuri za matofali zilezile, na ladha ya mfanyabiashara aliyetaka nyumba yake ifanane na ya jirani haikubadilika kwa sababu mkataba umetiwa saini mahali fulani. Watawala wa mji nao walisisitiza matofali na mawe badala ya mbao, kwa kuogopa moto, na walitaka mpangilio wa nyumba ufanane. Ndiyo maana viwanja vinaonekana kana kwamba vilichorwa na mkono mmoja, ingawa kila nyumba ilikuwa na mwenyewe.

Zipo zilizotangulia mtindo huo. Tafuta kwenye Grand'Place nyumba inayoitwa Trois Luppars. Kilele chake hakina mawimbi. Kinapanda kwa ngazi, pembe kwa pembe. Hiyo ni ya 1467, na ndiyo nyumba kongwe kuliko zote kwenye viwanja hivyo.

Usiondoke kabla ya kutazama alama zilizochongwa kwenye kuta. Kuna nyumba yenye nyangumi, kuna yenye nguva. Kabla ya kuwekwa namba, hizo ndizo zilikuwa anwani: mtu aliambiwa apeleke mzigo kwenye Nyangumi, naye alifika hata kama hakujua kusoma. Halafu inama utazame chini ya matao. Kando ya baraza kuna milango ya kuteremkia kwenye maghala, mingine ikianzia barazani hapohapo. Mfanyabiashara alishusha mzigo wake moja kwa moja kutoka mkokoteni hadi chini. Maghala hayo tutayarudia.

1914, na uamuzi uliofuata

Wajerumani waliingia Arras kwa siku chache mwanzoni mwa Septemba 1914, wakaondoka, kisha mstari wa mapigano ukakwama kilomita chache tu mashariki ya mji. Ulikaa hapo mpaka Aprili 1917. Kwa muda wote huo mizinga iliufikia mji bila taabu. Jumba la halmashauri liliungua tarehe 7 Oktoba 1914. Wiki mbili baadaye mnara wa kengele ukaporomoka. Julai 1915 ilikuwa zamu ya kanisa kuu na abasia (nyumba ya watawa) ya Saint-Vaast iliyo ubavuni mwake, ambamo mlikuwa na makumbusho na maktaba ya mji. Picha za mwisho wa vita zinaonyesha Place des Héros ikiwa safu ya meno yaliyong'oka.

Sheria ya tarehe 17 Aprili 1919 iliwapa Wafaransa walioharibiwa mali haki ya kulipwa fidia na serikali, kwa sharti la msingi kwamba ukitaka fidia kamili ujenge upya. Sheria haikusema ujenge kwa sura gani. Kila mji uliamua wenyewe, na ukizunguka kaskazini mwa Ufaransa leo utaona majibu tofauti ya swali hilohilo. Saint-Quentin uliachia mitindo mipya ya miaka ya 1920 itawale mitaa yake. Bailleul ulijenga sura ya Flanders ya kubuni, ya Kiflanders zaidi ya ile iliyokuwapo kabla ya vita. Arras ulichagua kurudisha ilivyokuwa, angalau kwenye viwanja vyake viwili.

Kazi ilisimamiwa na Pierre Paquet, msanifu mkuu wa majengo ya kihistoria. Kuta za mbele za viwanja ziliwekwa chini ya ulinzi wa serikali kama urithi wa taifa, na hilo halikuwa la heshima tu. Mwenye nyumba hakuweza tena kuamua kivyake kwamba anataka dirisha pana la duka au ghorofa moja ya ziada. Mafundi walitumia picha, michoro ya zamani na mabaki yaliyookotwa kwenye kifusi. Mnara ulianza kuinuliwa 1924, ukakamilika 1932. Kwa nje Paquet alifuata cha zamani kwa makini. Kwa ndani alitumia zege, kwa sababu lilikuwapo, lilikuwa imara, na hakuna aliyeona haja ya kuwaweka mafundi kazini miaka 91 kama mababu zao. Jumba la halmashauri alilipanua kabisa wakati analirudisha. Na ukipanda mnara leo, sehemu kubwa ya safari unaifanya kwa lifti.

Kuna watu hulichukulia hili kama udanganyifu. Mimi silioni hivyo, na sababu inahitaji kueleza kidogo mnara wa namna hii ni kitu gani.

Katika miji ya Flanders ya zama za kati kulikuwa na minara ya aina tatu. Ngome ilikuwa na mnara wa bwana mwenye ardhi. Kanisa lilikuwa na mnara wa askofu na mapadri. Wa tatu ulikuwa wa wakazi wenyewe: mji uliopata hati ya kujiamulia mambo yake ulijenga mnara, ukatundika kengele yake, na humo ndani ukafungia hati zake. Kengele ikilia, ilikuwa sauti ya halmashauri ya wakazi, wala si ya bwana au padri. Ilitangaza moto, ilitangaza adui, ilitangaza saa ya kufunga malango. Mji ulioadhibiwa ungeweza kunyang'anywa kengele.

UNESCO walipoorodhesha minara hii, ya Ubelgiji mwaka 1999, kisha mingine 23 ya Ufaransa mwaka 2005, na yote kwa pamoja kufikia 56, hicho ndicho walichokuwa wanakiorodhesha: alama ya uhuru wa miji. Kwa kipimo hicho, mji uliopoteza mnara wake vitani na kuusimamisha tena kabla ya wakazi kusahau ulivyofanana umeendeleza jambo lilelile. Arras hauko peke yake katika hili. Mnara wa Ypres, ng'ambo ya mpaka wa Ubelgiji, nao ulijengwa upya baada ya kusagwa na vita hiyohiyo, na kitovu cha kale cha Warsaw kiliorodheshwa 1980 kikiwa kimejengwa upya chote baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mwaka huohuo wa 2005, UNESCO waliingiza kwenye orodha mji mwingine wa kaskazini mwa Ufaransa, Le Havre, ambao ulifanya kinyume kabisa. Ulibomolewa kwa mabomu Septemba 1944, na msanifu wake, Auguste Perret, hakurudisha hata ukuta mmoja wa zamani. Alijenga mji wa zege kwenye vipimo vya mraba, na zege akaliacha lionekane. Weka miji hiyo miwili pamoja: yote miwili ilitumia zege, mmoja ukalivika mawe, mwingine ukajivunia. Ningelaumu tu kama Arras ungeficha tarehe zake, na haufichi. Wanaozifupisha ni waandishi wa vipeperushi.

Kanisa kuu lisilo kanisa kuu

Hili ni fundo dogo. Kanisa kuu la Arras lina nguzo nene na sura ya hekalu la Kirumi, halifanani kabisa na yale ya mtindo wa Gothic, yenye matao yaliyochongoka, ya Amiens au Reims. Kanisa kuu la zamani la mtindo huo lilikuwapo, mtaa mwingine, likabomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Hili la sasa lilianza katika karne ya 18 kama kanisa la abasia, likakamilika 1834 na kupandishwa cheo. Baada ya 1915 nalo likajengwa tena. Abasia ya jirani ina mizizi ya karne ya 7, na mji wa zama za kati ulikua kuizunguka, lakini majengo yake unayoyaona ni ya karne ya 18 na yamerekebishwa baada ya vita. Makumbusho ya sanaa yamo humo.

Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, alizaliwa Arras mwaka 1758, akafanya uwakili hapa, na nyumba aliyopanga kati ya 1787 na 1789 ipo kwenye mtaa wenye jina lake. Kwa miaka mingi mji haukuwa na haraka ya kumtangaza, na watu waliweza kuipita nyumba hiyo bila kugundua.

Chini ya baraza

Sasa turudi kwenye ile milango ya kuteremkia. Arras umekaa juu ya mwamba wa chaki, jiwe jeupe laini linalokatika kirahisi. Kuanzia karne ya 10 wakazi walilichimba ili kupata mawe ya kujengea, na mashimo yakabaki. Wenye nyumba wakayageuza maghala, ghorofa mbili au tatu kwenda chini, mengine yakiunganishwa. Wenyeji huyaita boves. Humo ndani joto halipandi wala kushuka sana mwaka mzima, ni baridi ya kuvaa sweta hata Julai. Matao ya dari na nguzo unazoziona huko hayakuguswa na Paquet. Mizinga iliyofuta kilichokuwa juu haikuyafikia, na huko chini ndiko unakoweza kuweka mkono kwenye ukuta uliochongwa na mtu wa zama za kati kweli. Unaingia na kiongozi tu, safari huanzia kwenye jumba la halmashauri.

Nje kidogo ya kitovu cha mji yalikuwapo machimbo makubwa zaidi, yaliyokuwa yamesahaulika. Waingereza, waliochukua sehemu hiyo ya mstari wa mapigano mwaka 1916, waliona faida yake. Mwezi Machi mwaka huo kikawasili kikosi cha wachimbaji kutoka New Zealand, wengi wao watu wa migodini, wakiwemo Wamaori na wenyeji wa visiwa vya Pasifiki. Waliunganisha machimbo kwa mahandaki hadi ikapatikana njia ya kilomita zipatazo 20, kutoka chini ya mji hadi karibu na mahandaki ya Wajerumani. Ili wasipotee, waliyapa mashimo majina ya miji ya kwao kwa mpangilio: Dunedin, Christchurch, Blenheim, Nelson, Wellington. Waingereza na Waskoti walitaja ya kwao kwa majina kama Glasgow na Edinburgh. Wakaweka taa za umeme, majiko, vyoo, reli nyembamba na hospitali. Askari 24,000 wangeweza kujificha humo.

Machimbo ya Wellington yalifunguliwa kwa umma mwaka 2008. Unashuka kwa lifti kama mita 20, ukiwa umevaa kofia ya chuma yenye umbo la zile za Waingereza wa wakati huo. Kwenye kuta kuna maandishi ya rangi nyeusi, namba na majina ya kuelekeza njia, na penye chaki laini kuna michoro ya penseli iliyofanywa na watu waliokuwa wanasubiri: nyuso, majina, misalaba. Chupa na makopo yameachwa yalipokutwa. Njia inakufikisha kwenye ngazi ya kutokea.

Tarehe 9 Aprili 1917, Jumatatu ya Pasaka, saa 11:30 alfajiri, walitoka. Theluji ilikuwa inaanguka. Siku hiyohiyo Wakanada walipanda kilima cha Vimy, kaskazini ya mji. Siku ya kwanza walisogea kilomita kadhaa, jambo ambalo halikuwa limeonekana sana tangu vita ikwame kwenye mahandaki. Kisha wakazidi mbele kuliko mizinga yao iliyotakiwa kuwakinga, Wajerumani wakaleta vikosi vya akiba, na mapigano yakaburutika hadi katikati ya Mei. Yote hayo yalikusudiwa kuvuta Wajerumani kabla ya shambulio kubwa la Wafaransa kusini zaidi, shambulio ambalo lenyewe lilishindwa. Upande wa Uingereza ulipoteza wastani wa watu karibu 4,000 kwa siku, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka.

Majina

Magharibi ya kitovu, karibu na ngome ya Vauban, mjenzi wa ngome wa mfalme Louis XIV, kuna makaburi ya Faubourg-d'Amiens. Ukuta wake, uliosanifiwa na Mwingereza Edwin Lutyens, una majina yapatayo 35,000 ya askari wa dola ya Uingereza waliouawa eneo hili na ambao miili yao haikupatikana. Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Uingereza, iliyojenga ukuta huo, ilikuwa na msimamo: mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, kila mmoja jina lake.

Tume hiyohiyo ndiyo iliyosimamisha sanamu ya Askari Dar es Salaam mwaka 1927, kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika vita hiyohiyo. Maneno yaliyochongwa hapo, kwa Kiswahili pia, yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja lililoandikwa. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi hata orodha hawakufanyiwa ya maana. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika na Waasia wengi hawakukumbukwa kwa usawa. Mtu wa pwani yetu akisimama mbele ya ukuta wa Lutyens, hawezi kuusoma kama Mwingereza anavyousoma.

Kilomita chache kaskazini, Notre-Dame-de-Lorette, kuna jibu jipya la swali hilo. Pete kubwa ya zege iliyosanifiwa na Philippe Prost ilizinduliwa tarehe 11 Novemba 2014. Ndani yake kuna majina 579,606 ya waliouawa katika eneo hili la kaskazini mwa Ufaransa, yamepangwa kwa alfabeti, bila cheo wala nchi. Mjerumani anafuatana na Mfaransa, Mhindi na Mwingereza kwa sababu tu herufi zao zinakaribiana.

Ngome yenyewe Vauban aliianza 1668. Wenyeji waliipachika jina la mrembo asiye na kazi, kwa sababu mpaka wa Ufaransa ulisogea kaskazini na ngome ikabaki haina wa kumzuia. Kazi ilipopatikana ilikuwa mbaya: ndani ya mahandaki yake Wajerumani waliwapiga risasi wapiganaji 218 wa upinzani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mabango yao yamepangwa ukutani, mengi ya wachimba makaa ya mawe. Place des Héros imepewa jina kwa ajili ya watu kama hao.

Kutoka Paris, treni ya kasi hufika Arras kwa dakika zipatazo 50, na kutoka stesheni unatembea tu. Ukiwa na siku moja, nenda Jumamosi, soko linapojaa Place des Héros, na uanzie chini: Wellington asubuhi, boves mchana, mnara mwisho. Ukifanya kinyume utafika juu ya mnara ukiwa bado hujui unatazama nini.